Je, Wajua? Mtafsiri Mmoja Huwasemea Wahusika Wote

Je, wajua kuwa mtazamaji anayeirudia anime, yaani katuni ya Kijapani, iliyoingizwa sauti za lugha anayoielewa, huyaona mengi yaliyompita mara ya kwanza, kwa sababu macho yaliyokuwa yakifuata maandishi chini ya picha sasa huwa huru kuitazama picha yenyewe?

Sauti huingizwa kwa njia mbili. Katika ya kwanza, kila mhusika hupewa mwigizaji wake, ambaye hulinganisha maneno na mwendo wa midomo. Ndivyo tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou ilivyowafikia watazamaji wa TBC kwa Kiswahili mwaka 2011. Katika ya pili, iliyozoeleka katika vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mitaani, kuanzia Dar es Salaam hadi vijiji vya Pwani kama Zinga, mtafsiri mmoja huwasemea wahusika wote na kufafanua mila ngeni, huku sauti ya asili ikisikika kwa mbali. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ni miongoni mwa walioipatia sanaa hiyo jina nchini Tanzania.

Japani yenyewe, katika enzi ya filamu bubu iliyokoma miaka ya 1930, ilikuwa na benshi, wasimulizi waliokaa kando ya skrini na kuwasemea wahusika, nao walienziwa kama wasanii kamili. Heshima hiyohiyo ni haki ya watafsiri wa Kiswahili.