Uchovu Usioondoka kwa Usingizi

Mwanamke amemaliza dripu za kemo, amemaliza mionzi, na nywele zimeanza kuota. Ndugu wanamshukuru Mungu kwamba amepona. Lakini anaamka asubuhi, baada ya kulala usiku kucha, akiwa kama mtu aliyeshinda shambani. Akiosha vyombo vichache, lazima akae. Akianza kusimulia jambo, maneno yanampotea. Kulalamika anaona haya, kwa sababu baadhi ya aliotibiwa nao hawapo tena duniani.

Kwa mama huyo na kwa watu wa nyumbani kwake, neno la kwanza ni hili: huo si uvivu, wala si kukosa shukrani. Ni uchovu wa saratani, tatizo linalojulikana kitabibu na lenye namna ya kushughulikiwa. Uchovu wa kawaida hufuata kazi na huisha kwa kulala. Huu haulingani na kazi uliyofanya, na usingizi hauumalizi. Kwa wengi hupungua miezi kadhaa baada ya tiba kwisha, lakini takribani mwanamke mmoja kati ya wanne waliotibiwa saratani ya matiti huendelea kuchoka sana kwa muda mrefu, pengine kwa miaka.

Ukifika kliniki, usiseme tu "nachoka." Taja namba. Sifuri ni kutochoka kabisa, 10 ni uchovu mbaya kuliko wote unaoweza kuufikiria. Ukiwa 4 au zaidi, daktari anapaswa kutafuta chanzo. Damu inaweza kuwa imepungua, na juisi ya rozela au bitiruti haichukui nafasi ya kipimo cha damu. Tezi ya thairoidi, iliyopo shingoni, inaweza kuwa imelegea, hasa kama mionzi ilipigwa karibu na shingo. Tamoksifeni, ambayo wengi huimeza kwa miaka 5 hadi 10, huweza kuleta joto la ghafla linalokatiza usingizi. Usiiache kwa uamuzi wako, mweleze daktari. Maumivu na sonona navyo hunyonya nguvu, na vyote vina tiba. Baadhi ya dawa za saratani ya matiti, kama doksorubisini na trastuzumabu, huweza kudhoofisha moyo. Kwa hiyo ukikosa pumzi unapolala chali, miguu ikivimba au moyo ukienda mbio, usingoje siku ya kliniki.

Vyanzo hivyo vikishaangaliwa, dawa yenye ushahidi mkubwa zaidi huwashangaza wengi: mazoezi. Mwili unaokaa kitandani hupoteza misuli, na misuli ikipungua, hata kwenda bombani huwa safari. Mgonjwa hupumzika kwa sababu amechoka, kisha huchoka zaidi kwa sababu amepumzika mno. Anza na dakika 10 za kutembea asubuhi jua likiwa bado dogo, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea bila kuhema. Ongeza dakika chache kila wiki mpaka ufike dakika 30, mara 3 kwa wiki, na uendelee kwa wiki 12 kabla ya kuamua kama yamekusaidia. Mazoezi ya kuimarisha misuli nayo husaidia, lakini kama mkono wa upande wa titi lililopasuliwa umevimba, mwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia.

Kinachobaki ni kupanga matumizi ya nguvu kama unavyopanga fedha ya mwezi. Kwa wiki moja, andika saa unazojisikia nafuu na saa unazoishiwa, kisha weka kazi muhimu kwenye saa za nafuu. Menya mboga ukiwa umekaa. Kufua na kudeki kusiwe siku moja. Siku ukijisikia vizuri, usimalize viporo vyote. Kesho yake utalipia. Ukilala mchana, isizidi nusu saa, ili usiku usingizi uje.

Nanyi mnaoishi naye, kumwambia "pumzika, mama" ni upendo, lakini hakutoshi. Mchukulieni ndoo ya maji, kisha mmoja wenu avae viatu atembee naye zile dakika 10. Akisema leo amechoka, msimuulize kwa nini wakati alishapona. Muulizeni ni ngapi kati ya 10, na muiandike, ili siku ya kliniki daktari aione.