Tani Zimekaa Wapi? Lori, Trela na Miwa Kati ya Rongo na Ndhiwa

Tuseme lori la ekseli sita, kichwa cha ekseli tatu na trela la ekseli tatu, limetoka Isebania na kupanda mizani ya Rongo. Kipimo kinasoma tani 48. Kikomo cha lori la aina hiyo ni tani 50, kwa hiyo dereva anaona ana tani mbili za akiba na tayari anawaza chai ya Kisii. Anaambiwa aegeshe kando. Ekseli ya usukani imebeba tani saba, haina tatizo. Tatu za trela zimebeba 20, nazo ni salama. Zile mbili za nyuma ya kichwa zimebeba 21, na hapo sheria inaishia 18.

Dereva atalalamika kwamba hajazidisha, na kwa hesabu aliyofundishwa na tajiri wake hasemi uongo. Katika biashara ya usafirishaji swali huwa moja tu: tani ngapi? Ukilisikia Migori, utalisikia Homa Bay pia, kwenye mashamba ya miwa, kwenye machimbo ya mchanga na hata kwa wenye pikapu. Mizani ya barabarani inauliza swali la pili, kwamba hizo tani zimekaa wapi, na hilo ndilo linaloamua kama springi zitavunjika, kama breki zitashika na kama lami itafika mwaka ujao.

Sheria ya Udhibiti wa Mizigo ya Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2013, iliweka viwango vya pamoja kwa nchi wanachama. Ekseli ya usukani yenye tairi mbili ni tani nane. Ekseli moja yenye tairi nne ni 10, mbili zilizofuatana zenye tairi nne kila moja ni 18, na tatu zilizofuatana ni 24. Jumla haiwezi kupita tani 56, nayo ni kwa magari ya ekseli saba. Kumbe ile 50 ya lori letu ni nane na 18 na 24 zilizojumlishwa. Haikuwa ruhusa ya kutupa tani 50 popote.

Sasa, zile tatu za ziada zilifikaje katikati? Trela la namna hii halivutwi kwa mnyororo. Mbele yake, chini ya sakafu, lina pini nene ya chuma inayozama kwenye sahani iliyolala mgongoni mwa kichwa. Kwa pini hiyo sehemu kubwa ya mzigo wa trela huhamia juu ya kichwa. Wapakiaji wakilundika magunia mazito karibu na ukuta wa mbele, kichwa kinaelemewa huku ekseli za nyuma zikisafiri kifalme. Sahani yenyewe kwenye baadhi ya magari husogezwa. Ukiisogeza mbele kidogo, baadhi ya uzito hutoka ekseli za katikati na kwenda kwenye usukani. Dereva anayejua kazi yake husimamia upakiaji, hakai kibandani akisubiri aambiwe kumejaa. Akikosea, itabidi mzigo upangwe upya, juani, kwa mabega ya tanboi.

Wamarekani wana tatizo hilohilo katika starehe. Huko watu hufunga nyumba ya kusafiria, yenye vitanda na jiko, juu ya pikapu yenye sahani kama hiyo katikati ya bodi, na kuondoka likizo. Tangazo la gari linasema linavuta tani kadhaa, na mnunuzi anaamini. Asichosoma ni kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinachotaja uzito ambao gari lenyewe linaruhusiwa kubeba. Nyumba ya tani tano huweka takriban tani moja juu ya pikapu, kwa kuwa kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake hukaa kwenye pini. Ongeza sahani, mke, watoto, mbwa na sanduku la vifaa, na uwezo wa kubeba umekwisha wakati uwezo wa kuvuta bado uko tele. Mwenye pikapu ya milango minne anayevuta mashua kutoka Mbita angefaa kufanya hesabu hiyo kabla ya kuongeza jenereta na wanaume watano nyuma.

Lakini gari linalovuta zaidi katika kaunti za Migori na Homa Bay ni trekta la miwa. Tangu kiwanda cha sukari cha Sony kilipoanza kusaga miwa Awendo mwaka 1979, na baadaye kile cha Sukari Industries huko Ndhiwa, matrekta yamekuwa sehemu ya barabara zetu kama vile boda boda. Mengi huvuta trela moja, mengine mawili, miwa imechomoza juu ya vyuma na kuning'inia pande zote. Shambani wapakiaji wana wimbo wao: omera, ongeza, bado inaingia. Na kweli inaingia, maana miwa haina mdomo wa kusema imeshiba.

Trela la magurudumu manne lina ekseli yake ya mbele, kwa hiyo hubeba karibu mzigo wake wote lenyewe na trekta huvuta tu. La magurudumu mawili ni jambo jingine. Hilo huegemea trekta, na uzito unaoegemea hukaa nyuma ya tairi kubwa, mahali ambapo kila kilo inayoshuka inainua kitu upande wa mbele. Kwenye tambarare dereva hufurahia, kwa sababu tairi za nyuma zinapata mshiko. Akianza kupanda mlima, mambo hubadilika. Mzigo unateleza nyuma, trekta linainua pua, tairi ndogo za mbele zinagusa barabara kwa kubahatisha, na usukani unabaki pambo. Ndiyo maana watengenezaji huweka vyuma vizito puani, vile ambavyo wengine huvivua ili kupunguza mafuta au kuviuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndiyo maana pia trela hufungwa chini, kwenye ndoano iliyotengenezewa kazi hiyo. Mvuto ukitoka juu ya ekseli ya nyuma, trekta linaweza kupinduka chali na kumlalia dereva kabla hajafikia klachi.

Kuteremka kuna hatari yake. Matrekta mengi yana pedali mbili za breki, moja kwa gurudumu la kushoto na nyingine kwa la kulia, ili mkulima aweze kukata kona shambani. Barabarani pedali hizo zinatakiwa kufungwa pamoja kwa kile kichuma chake. Kikiwa kimepotea, na mara nyingi kimepotea, dereva anayekanyaga moja kwa haraka hujikuta amegeuzwa ubavu huku trela lisilo na breki likimsukuma kutoka nyuma. Hapo trela na trekta hujikunja, na miwa humwagika barabarani. Watoto watashangilia. Mwenye gari dogo anayekuja usiku na kukuta trela limekwama bila taa wala kiakisi hatapata nafasi ya kulalamika.

Uharibifu wa barabara hauendi sawasawa na uzito, na hili ndilo jambo ambalo wengi hawaliamini hadi waone hesabu. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa jimboni Illinois, Marekani, wanajeshi waliendesha malori yaliyopakiwa mizigo ya viwango tofauti, wakizunguka kwenye barabara zilizojengwa kwa ajili ya jaribio hilo hadi zikachakaa. Kutokana na vipimo vyao wahandisi walipata kanuni wanayoitumia hadi leo: madhara ya ekseli hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 13 inaizidi ya tani 10 kwa asilimia 30 tu, lakini huidhuru lami karibu mara tatu zaidi. Zile tani tatu zilizozidi pale Rongo zinakaribia kuongeza maradufu madhara ya ekseli mbili za katikati. Na ekseli moja ya tani 10, ikilinganishwa na ile ya gari dogo yenye nusu tani, hudhuru kama hizo ndogo 160,000.

Kwa hiyo anayelipia ni nani? Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli nchini hutozwa Sh25 za matengenezo ya barabara. Mwendesha boda boda wa Rodi Kopany hulipa kila anapojaza tangi, ilhali pikipiki yake haiiachii lami hata kovu.

Si kila mzigo una hila sawa. Lori la omena kutoka ufukweni hujaa hadi juu ya turubai kabla ekseli hazijalalamika, kwani samaki mkavu ni mwepesi. Mchanga wa Kobuya hufanya kinyume chake. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban tani 1.6, na ukilowa hukaribia mbili. Tipa la ekseli tatu linaruhusiwa tani 26, na likiwa tupu lina kama 10 au 11. Mita 10 za ujazo za mchanga mkavu tayari zimelimaliza, na mchanga huchotwa ziwani ukiwa unachuruzika. Magunia ya mawe ya dhahabu kutoka Macalder ni mabaya zaidi kwa jicho: machache tu, yamelala chini ya bodi, lori linaonekana nusu tupu na springi zimenyooka kabisa.

Mizani ya Mamlaka ya Barabara Kuu iko kwenye barabara kuu. Miwa, hata hivyo, safari yake kubwa ni kwenye vijia vya changarawe na udongo mweusi wa Ndhiwa, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa tairi mvua ya Machi ikianza. Huko hakuna mizani hadi ufike lango la kiwanda. Pale trekta hupimwa likiwa na mzigo, likamwaga, likapimwa tena likiwa tupu, na tofauti ndiyo malipo ya mkulima. Msafirishaji naye hulipwa kwa tani, fedha zinazokatwa kutoka kwa mkulima huyohuyo. Kwa nini apakie kidogo, ikiwa safari mbili zinakula dizeli maradufu na miwa iliyokatwa inazidi kupoteza uzito na sukari kila saa inayopita?

Hivyo kiwandani kuna rekodi ya kila trela, kila siku, pamoja na uzito wake lilipoingia. Kinachosomwa kwenye rekodi hiyo ni mstari wa malipo pekee. Kama kiwanda kingeweka kikomo kwa kila aina ya trela na kukataa kulipa nauli ya tani zilizokizidi, huku mkulima akilipwa miwa yake yote, wimbo wa kule shambani ungebadilika ndani ya msimu mmoja. Hakuna mizani mpya ya kununua. Shida ni kwamba kiwanda kinachokosa miwa ya kusaga hakina hamu ya kumkasirisha anayeileta, na barabara ya Kanyadoto, huko Ndhiwa, haimo katika vitabu vyake vya hesabu.