Aliyevunjika Mgongo Si Maiti

Leo ukurasa wa usalama na afya unawaletea habari ya mtu aliyeshinda ulimwengu akiwa ameketi.

Jina lake ni Pál Szekeres. Alizaliwa mwaka 1964 Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Mchezo wake ni kupigana kwa upanga. Tusifikiri ni panga ya shamba. Ni chuma kirefu, chembamba, chenye kupindika, na ncha yake ni butu. Wachezaji huvaa nguo nzito na kofia ya wavu wa chuma, na kila mmoja hutafuta kumgusa mwenzake kabla hajaguswa yeye. Katika Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988, Szekeres na wenzake walipata medali ya shaba.

Mwaka 1991 alipata ajali ya basi. Tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Wengi wangesema: basi, huyu amekwisha. Lakini mwaka 1992 alikwenda Barcelona, kwenye Paralimpiki, michezo ya walemavu wa ulimwengu mzima, akarudi na dhahabu. Mwaka 1996, Atlanta, akapata dhahabu mbili. Kisha akapata shaba katika michezo ya 2000, 2004 na 2008. Ni mtu wa kwanza ulimwenguni kupata medali katika Olimpiki na katika Paralimpiki pia.

Wanachezaje? Viti viwili hufungwa imara juu ya chuma kilichowekwa chini. Haviendi mbele wala nyuma. Upanga ukija, huwezi kukimbia. Utainama au utaukinga, kwa mkono, kwa kifua na kwa akili. Ukiinua matako kutoka kitini, ni kosa. Miguu haiulizwi kitu.

Mtatuuliza: habari ya Hungaria inatuhusu nini sisi watu wa migodi wa Kabambare? Inatuhusu sana, kwa sababu asili ya michezo hii ni kitanda cha mchimbaji.

Mwaka 1917, katika hospitali ya wachimbaji wa makaa huko Königshütte, kijana mmoja alikuwa akijitolea kusaidia wagonjwa. Jina lake ni Ludwig Guttmann. Siku moja waliletewa mchimbaji mwenye nguvu, aliyevunjika mgongo. Guttmann alipoanza kuandika habari zake aliambiwa asijisumbue, maana mtu huyo atakufa baada ya wiki chache. Kweli, baada ya wiki tano alikufa. Mgongo peke yake haukumuua. Aliuawa na vidonda vya kulala upande mmoja na uchafu wa mkojo ulioingia katika damu.

Guttmann hakumsahau. Akawa munganga, akakimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, na mwaka 1944 akapewa kazi ya kutunza askari waliovunjika mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku. Wagonjwa wakaishi. Kisha akawapa michezo, ili mikono ipate nguvu na moyo usilale. Mwaka 1948 watu 16 walishindana kwa upinde na mishale. Mwaka 1960 mashindano yalifika Roma, na upanga ulikuwamo. Kongo yetu ilituma wanamichezo wake kwenye Paralimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2012, London.

Basi tushike neno hili: anayevunjika mgongo anaweza kuishi, kufanya kazi na hata kuwa bingwa. Lakini maisha yake yako kwanza mikononi mwa wenzake waliomkuta chini.

JIWE LIKIMWANGUKIA MWENZAKO, AU AKIANGUKA KUTOKA JUU YA GARI:

1. Tazama juu kwanza. Kama mawe bado yanaanguka, usiongeze maiti ya pili. Ita kapita.

2. Usimkalishe. Usimvute kwa mikono na miguu kama gunia. Usimbebe mgongoni. Mfupa uliovunjika unaweza kukata uti wa mgongo, na hapo miguu iliyokuwa hai inakufa kwa sababu ya huruma yako.

3. Mwulize: unasikia miguu? Unaweza kuichezesha vidole? Jibu lake mwambie munganga.

4. Mmoja ashike kichwa, kikae sawa na mwili. Wengine watatu au wanne wapige magoti upande mmoja. Mwenye kichwa atoe amri, na wote wamgeuze pamoja kama mti mmoja, ubao uingizwe chini yake. Weka nguo zilizokunjwa pande zote mbili za kichwa, kisha mfunge.

5. Kipoyi cha nguo kinacholegea katikati hakifai. Tia ubao ndani yake. Njia zetu ni ndefu na mbaya, nendeni polepole.

AKIRUDI NYUMBANI:

Mama, mgeuze kila saa mbili, hata usiku. Watoto wakubwa na ndugu wapokezane, usichoke peke yako. Kila siku angalia ngozi ya visigino, nyonga na chini ya mgongo. Ukiona pekundu au peusi, asilalie hapo tena, na umwonyeshe munganga. Shuka liwe kavu, lisilo na mikunjo. Usimkande kwa maji ya moto wala jiwe la moto: miguu isiyosikia inaungua kimya. Mkojo ukikataa kutoka, au ukitoka na homa, usingoje kesho.

Na wewe uliye mzima, usipande juu ya mizigo ya lori. Usiingie shimoni kabla mwamba wa juu haujapigwa na kusikilizwa.

Szekeres alipata dhahabu akiwa kitini. Mchimbaji wa Königshütte hakupata hata kiti. Kilichowatenganisha ni utunzaji.

MWENZAKO AKIANGUKA, USIMWINUE HARAKA: MWINUE SAWASAWA!