Nani Hulipa Ushuru wa Forodha?

Leo tutajifunza habari za kodi moja ambayo wengi wetu tunailipa bila kuiona. Jina lake ni ushuru wa forodha. Mwalimu, tafadhali yaandike maneno hayo ubaoni.

Ushuru wa forodha ni fedha zinazotozwa mali inapoingia nchini kutoka nchi nyingine. Hutozwa bandarini, mipakani na katika viwanja vya ndege. Watu wengi husema, "Ushuru huo ni shauri la mgeni anayetuletea mali." Haya, tupige hesabu tuone.

Tuseme sufuria ya kutoka ng'ambo inauzwa shilingi 8,000. Fundi wa hapa nyumbani hawezi kuuza yake chini ya shilingi 9,500. Serikali inaweka ushuru wa shilingi 2,000. Sasa sufuria ya ng'ambo ni shilingi 10,000. Mama anakwenda sokoni, anachagua ya fundi. Ametoa shilingi 1,500 zaidi ya bei ya zamani. Je, fedha hizo zimeingia katika hazina ya serikali? Hata senti moja haikuingia. Fundi amepata kazi, na hilo ni jema kwake. Lakini kwa fedha hizo mama angenunua sabuni na daftari la mtoto. Muuza sabuni amekosa mteja, wala hajui sababu.

Ndiyo maana ushuru hupendwa. Faida yake huwaendea wachache, nao huiona. Hasara yake hugawanywa kwa watu wengi, kila mmoja kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tutazame jambo lililotokea kweli. Mwaka 1815 bunge la Uingereza, ambalo lilijaa wenye mashamba makubwa, lilipitisha sheria ya nafaka. Ngano ya kigeni isiuzwe nchini mpaka bei ya ngano ya nyumbani ifike shilingi 80 kwa kipimo cha kilo 218 hivi. Mwaka 1828 kizuizi hicho kiligeuzwa kuwa ushuru: bei ya nyumbani ikishuka, ushuru unapanda. Wenye mashamba walifaidi. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Manchester walinunua mkate kwa bei kubwa.

Richard Cobden na John Bright waliongoza chama cha kuipinga sheria hiyo. Walieleza hivi: tusiponunua ngano ya wageni, wao watapata wapi fedha za kununua nguo zetu? Mwaka 1845 viazi viliharibiwa na ugonjwa nchini Ireland, iliyotawaliwa kutoka London. Mwaka 1846 Waziri Mkuu Robert Peel akaifuta sheria. Chama chake kikagawanyika, na siku chache baadaye akaacha uwaziri mkuu. Kwa Ireland msaada huo haukutosha: njaa iliua watu wapatao milioni 1.

Pengine mtauliza, "Je, wakulima wa Uingereza hawakuumia?" Kwa miaka mingi waliendelea vizuri. Lakini tangu miaka ya 1870, ngano ya Marekani ilipomiminika, wengi waliumia kweli. Hilo tusilifiche. Lakini mkate ulikuwa rahisi kwa mamilioni ya watu wa mijini.

Huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania zilianza umoja wa forodha mwaka 2005. Kufikia mwaka 2010 zilikuwa zimeondoleana ushuru wa mali zinazozalishwa humo. Mali ya kutoka nje ya Jumuiya bado hutozwa.

Ni kweli, serikali huhitaji mapato, na kiwanda kichanga huhitaji muda wa kukua. Lakini mtoto hubebwa mgongoni ili siku moja atembee. Mtakaposikia kwamba ushuru umepandishwa ili kulinda kazi, ulizeni: utadumu miaka mingapi, na nani anaulipa?

Maswali ya kujibu darasani:
1. Mama alilipa shilingi ngapi zaidi, nazo zilimfikia nani?
2. Kwa nini wenye mashamba wa Uingereza waliipenda sheria ya nafaka?
3. Taja kitu kimoja ulichonunua juma hili kilichotoka nchi nyingine.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.