Kongamano la Wanafunzi na Utafiti wa Kiswahili

Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha North Carolina huko Asheville, Marekani, kiliitisha kongamano la kitaifa la utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Huku kwetu, CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, kimewaachia wanafunzi wenyewe maandalizi ya makongamano yake.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi anayewasilisha makala hujifunza kuitetea hoja yake. Anayeandaa hulazimika kuipima hoja ya mwenzake. Akipokea ikisiri isiyoonyesha data ilikotoka, airudishe au aikatae? Hapo ndipo mbinu za utafiti, ambazo darasani hukaririwa kwa ajili ya mtihani, zinapopata maana. Istilahi nazo hujaribiwa: huyu asema ikisiri, yule asema muhtasari, na hapana budi tangazo litoke na neno moja.

Udhaifu umo katika kumbukumbu. Waandalizi huhitimu na kuondoka, na mara nyingi makala hukomea ukumbini. Lawama hapa ni ya idara kuliko ya wanafunzi, kwani nakala zikihifadhiwa maktabani, mtafiti wa mwaka ujao hatakusanya upya methali zilizokwisha kusanywa.