Sungura wa Mtoto Akifa Ghafla

Vikundi vingi hutuuliza habari za kufuga sungura: kizimba kijengwe vipi, walishwe nini, soko liko wapi. Safari hii tunaongea juu ya jambo ambalo hakuna aliyetuuliza. Lilitupata sisi wenyewe nyumbani, na tulilifanya vibaya.

Mtoto wetu alikuwa na miaka minane. Kikundi cha akina mama kilipogawa sungura, jike mmoja mweupe alikuja kwetu. Katika daftari la kikundi aliandikwa "namba 4". Kwa mtoto aliitwa Pamba. Kila siku kabla ya shule mtoto alimkatia majani ya viazi vitamu, akamwekea maji, akaongea naye kidogo, mambo ya darasani na nani alipigana na nani. Sisi tulikuwa tunapita tu na ndoo zetu.

Asubuhi moja ya Jumanne alimkuta amelala ubavu, amekauka, tumbo limejaa kama ngoma. Jana yake jioni alikuwa anakula vizuri. Mtoto alipiga mayowe mpaka majirani wakaja mbio wakidhani ni mtu. Walipoona ni sungura, wakacheka. Mmoja akasema, "Kumbe ni haka tu? Si mngeniita mapema tukachinja." Sisi nasi tukamwambia mtoto anyamaze, asichelewe shule, atanunuliwa mwingine. Alipoondoka tukatupa Pamba kwa shimo la takataka.

Jioni alirudi na kipande cha leso alichoombea kwa rafiki yake, cha kumfunikia Pamba. Akauliza yuko wapi. Tukamwambia tumemzika. Akasema, "Nionyesheni." Tulipokuwa bado tunatafuta la kusema, mbwa wa jirani akapita akiwa amebeba kitu cheupe.

Mtoto hakulia tena. Wiki tatu hakukaribia kizimba, hata mayai ya kuku hakutaka kuokota. Usiku akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Halafu siku moja, tukimenya viazi, akauliza polepole, "Ni mimi nilimuua?"

Hapo ndipo tulipojua tulikuwa tumemwachia mzigo gani. Jumamosi ile alikuwa amekata gunia zima la majani mabichi ili katikati ya wiki asichelewe shule. Majani yakakaa ndani ya gunia, yakapata joto, yakaanza kuchacha. Alimpa kwa upendo, na bila sisi kumwambia neno alikuwa amejihukumu peke yake wiki tatu.

Kwa nini uchungu ni mkubwa hivi?

Watu wazima husema, ni mnyama tu. Lakini fikirini. Ng'ombe ni wa baba, kuku ni wa mama, shamba ni la babu. Sungura ndiye kitu cha kwanza ambacho mtoto anaambiwa, "Huyu ni wako, mtunze." Halafu katika hadithi zote za nyanya, Sungura ni mjanja, anawashinda fisi na simba, hafi. Tena akitunzwa vizuri sungura wa nyumbani anaweza kuishi miaka 8 au zaidi, kwa hiyo mtoto hana sababu ya kufikiri kesho hatakuwako. Mnyama akiugua mwezi mzima, moyo huanza kujitayarisha. Akifa ghafla, hakuna nafasi hiyo. Na msifikiri ni watoto peke yao. Tunamjua mjane mmoja, mama mzee, aliyefiwa na sungura wake akaona haya kusema kwa kikundi. Alisema tu kichwa kinauma, hakuja mkutano mara mbili.

Kwa nini sungura hufa ghafla?

Hili ni muhimu kwa sababu jibu lake humwondolea mtoto lawama. Sungura ni mnyama anayewindwa na wengi, kwa hiyo akiugua huficha. Anakaa kimya pembeni, na wewe unadhani anapumzika. Siku unayojua ni mgonjwa, mara nyingi amechelewa.

Tumbo ndilo hatari kubwa. Sungura hawezi kutapika. Majani mabichi mengi kwa ghafla, au majani yaliyorundikwa mpaka yakachacha, hujaza tumbo hewa. Nyasi kavu ndizo chakula chake cha kila siku, na majani mabichi yawe ya kuongezea, yakatwe siku hiyo hiyo. Asipokula kuanzia asubuhi mpaka jioni, huyo ni mgonjwa, msingoje kesho. Wale wadogo walioachishwa kunyonya huuawa sana na koksidiosisi, ugonjwa wa tumbo na maini unaokaa kwenye mavi na unyevu wa kizimba. Joto nalo humuua: kizimba cha mabati kisicho na kivuli, wakati wa jua kali, kinaweza kuwa kama jiko. Halafu kuna siafu wa usiku, na kuna mbwa. Mbwa akizunguka kizimba akibweka, sungura anaweza kufa kwa hofu hata asipoguswa.

Kwa hiyo ketini na mtoto, mwangalie pamoja: alikula nini, alilala wapi, kulikuwa na alama gani. Kama kosa si lake, mwambieni wazi. Kama ni la kutojua, kama letu, msimdanganye pia. Sisi hatimaye tulimwambia, "Yale majani yalikuwa yamechacha. Wewe hukujua. Sisi tulijua na hatukukufundisha." Alilia sana siku hiyo, na usiku akalala vizuri.

Maneno ya kumwambia mtoto yanategemea umri. Mtoto wa chini ya miaka 5 hivi bado haelewi kwamba kufa ni kutorudi, atauliza tena na tena Pamba anakuja lini. Mjibuni vilevile kila mara, bila kukasirika. Msiseme "amelala," maana anaweza kuogopa kulala mwenyewe. Msiseme "ametoroka," atamtafuta kwa mahindi mpaka jioni. Semeni amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii baridi wala maumivu. Wa miaka 9 au 10 anaelewa kama mtu mzima, na huyo hukasirika zaidi akigundua uongo.

Mwacheni azike. Shimo liwe la futi 3, mbali na kisima na mto, mbwa wasifukue. Msimle mnyama aliyekufa mwenyewe, wala msiwape mbwa. Lakini kama wamekufa wawili au zaidi kwa siku chache, msizike kwanza. Wekeni mmoja ndani ya mfuko wa plastiki kivulini na mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, ampasue aone. Mtoto aambiwe kwa nini, pengine ataruhusu upesi kuliko mnavyodhani, akijua ni kwa ajili ya kuokoa wengine.

Kama walikuwa wawili kizimba kimoja, huyo aliyebaki naye hupata shida. Sungura ni mnyama wa kukaa na wenzake. Anaweza kuzubaa, akakataa kula, na kwa sungura kukataa kula ni hatari yenyewe. Mpeni kazi hiyo mtoto: akae naye, ampe majani anayoyapenda, ahesabu kama anapata choo. Tumeona kazi hii ikisaidia wote wawili.

Kuhusu kununua mwingine kesho yake asubuhi, tunasema hapana. Kwanza, kizimba kisuguliwe kwa maji ya moto na kukaushwa juani siku kadhaa, maana vijidudu vya koksidiosisi havifi kwa dawa nyingi za kawaida za kusafishia. Pili, mtoto anaona kwamba Pamba alikuwa kama sufuria, ikitoboka unaleta nyingine. Ngojeni aulize mwenyewe.

Neno kwa viongozi wa vikundi. Sungura wengi tunaowagawa ni wa kuuza na kuchinja, na hakuna ubaya. Lakini mtoto aambiwe siku ile sungura anapoletwa, siyo siku ya Krismasi kisu kikiwa mkononi. Kikundi kimoja jirani yetu sasa kinaandika katika daftari alama mbili, "wa kikundi" na "wa mtoto", na huyo wa mtoto hagusiki bila yeye kukubali. Na akifa, mwanakikundi mmoja anaenda kumsalimia mtoto. Dakika kumi tu. Anamuuliza sungura alikuwa anaitwaje.

Wa kwetu alikaa miezi minne. Kisha akaomba dume wa kijivu kwa shangazi yake. Hakumwita Pamba. Majani anakata kila asubuhi, kidogo kidogo, na gunia ameturudishia.