Fundi wa devopsi: tabia zinazolinda mtaji wa kampuni

Mwekezaji anaposoma hesabu za kampuni, kwa kawaida hutazama faida, madeni na gawio. Ni nadra kuuliza ni nani anayebadilisha programu za kompyuta za kampuni hiyo, na anazibadilisha kwa utaratibu gani. Wenye hisa wa Knight Capital Group ya Marekani walilijua jibu la swali hilo Agosti 1, 2012, wakati fedha zao zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Knight ilikuwa dalali mkubwa. Biashara yake ilifikia karibu asilimia 10 ya hisa zote zilizouzwa katika masoko ya Marekani. Asubuhi hiyo soko la New York lilipofunguliwa saa 3:30, mitambo ya Knight ilianza kununua na kuuza hisa bila kikomo. Katika muda wa dakika 45 hivi ilikuwa imefanya biashara zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154. Hasara ilizidi Dola milioni 460 za Marekani.

Hakuna aliyeiba. Chanzo kilikuwa namna programu mpya ilivyowekwa kwenye mitambo, kazi ambayo siku hizi ni ya fundi wa devopsi.

Devopsi ni nini

Neno hili linaunganisha kazi mbili ambazo zamani zilikaa vyumba tofauti: kuandika programu, na kuendesha mitambo inayozibeba. Waandishi walitaka mabadiliko ya haraka. Waendeshaji walitaka utulivu. Kitu kikiharibika, kila upande uliunyooshea mwingine kidole. Jina lilianza kuenea mwaka 2009, Bwana Patrick Debois alipoitisha mkutano wa kwanza wa mafundi wa fani hiyo mjini Ghent, Ubelgiji.

Fundi huyu ndiye anayehakikisha kwamba programu inatoka kwa mwandishi hadi kwa mteja salama, na inaendelea kufanya kazi. Zana anazotumia hubadilika kila baada ya miaka michache. Kinachomfanya aaminike ni tabia zake, na tukio la Knight linazionyesha moja baada ya nyingine.

Kazi inayojirudia ifanywe na mashine

Programu mpya ya Knight ilipaswa kuwekwa kwenye seva nane. Fundi aliiweka kwenye saba, ya nane ikasahaulika. Binadamu anayerudia kazi ileile mara nane anaweza kuruka moja, hata akiwa hodari. Kwa hiyo fundi mzuri huandika hatua zake zote kama maelekezo ya kompyuta, kisha mashine ikazitekeleza sawasawa kila mahali na kutoa taarifa pale inaposhindwa. Maelekezo hayo huyahifadhi katika daftari la mabadiliko, kwa mfano Git, zana iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Humo huonekana nani alibadilisha nini, na lini.

Jicho la pili

Kwa mujibu wa uamuzi wa tume ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, wa Oktoba 2013, hapakuwa na fundi wa pili aliyekagua kazi hiyo, wala utaratibu wa maandishi uliomtaka awepo. Mfanyabiashara analielewa jambo hili: anayepokea fedha si yeye anayefunga hesabu za siku. Fundi anayekua huomba kazi yake ikaguliwe kabla haijaingia sokoni, na haoni kwamba anadharauliwa.

Kuondoa kilichokufa

Seva ile ya nane ilikuwa bado na programu ya zamani iliyoitwa Power Peg, ambayo Knight iliacha kuitumia mwaka 2003. Mwaka 2005 kipengele kilichohesabu kama oda imekwisha kutimizwa kilihamishwa, na hakuna aliyeijaribu tena Power Peg baada ya hapo. Programu mpya ilitumia swichi ileile iliyokuwa ikiiwasha ile ya zamani. Swichi ilipowashwa, seva saba zilifanya kazi mpya, ya nane ikafufua mfu asiyejua oda imetimia. Oda 212 za wateja zikazaa mamilioni ya oda.

Bidhaa iliyopitwa na wakati hula nafasi ghalani. Programu iliyopitwa na wakati ni hatari zaidi, kwa sababu inaweza kuamka. Fundi makini hufuta asichokitumia.

Onyo lenye mwenyewe

Kabla soko halijafunguliwa, mitambo ya Knight ilituma barua pepe 97 zilizotaja hitilafu kwa jina la Power Peg. Barua hizo hazikuwa zimepangwa kuwa onyo, na hakuna aliyezifanyia kazi. Tabia inayotakiwa ni kuchagua vipimo vichache vyenye maana, kuweka kikomo kwa kila kimoja, na kumtaja mtu wa zamu atakayeamka kikomo kikivukwa. Onyo lisilo na mwenyewe ni kelele tu.

Njia ya kurudi

Katika harakati za kuokoa hali, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa. Matokeo yake nazo zikaanza kuiendesha Power Peg, na tatizo likakua. Fundi aliyekomaa huandaa mambo mawili kabla ya kubadilisha chochote: namna ya kurudi nyuma, iliyojaribiwa mapema, na namna ya kuzima kabisa. Aidha, hutoa programu mpya kidogo kidogo. Huanza na sehemu ndogo ya wateja, hutazama vipimo, ndipo huongeza.

Nakala za akiba zijaribiwe

Mfano mwingine ni wa Januari 31, 2017, katika kampuni ya GitLab. Fundi aliyekuwa akishughulikia hitilafu usiku alifuta takwimu kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka akiba. Zilipohitajika, ikaonekana kwamba nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kutengenezwa kwa sababu ya toleo lisilolingana la programu, na barua za kuarifu hivyo hazikuwa zikifika. Iliyookoa ni nakala ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali. Kilichoingizwa baada ya hapo kilipotea.

Akiba ambayo haijawahi kurejeshwa kwa majaribio haifai kuhesabiwa kuwa akiba. Fundi mzuri huweka siku maalumu ya kufanya jaribio hilo.

Hata hivyo, GitLab ilionyesha tabia nyingine ya kuigwa: ilieleza tukio hadharani, hatua kwa hatua, bila kutafuta mchawi. Mahali ambapo mkosaji hufukuzwa papo hapo, mafundi hujifunza kuficha, na kosa hurudi.

Hesabu ya dakika

Kampuni nyingi huahidi kwamba huduma itapatikana kwa asilimia 99.9 ya muda. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200, kwa hiyo ahadi hiyo inaruhusu kukatika kwa dakika 43 tu. Mwenye duka anayelipwa kwa simu, au mwekezaji anayetuma oda ya hisa kwa simu, anaweza kupima mwenyewe kama ahadi inatimizwa. Fundi kijana anayetaka kupanda cheo naye ajifunze kuzungumza kwa hesabu hiyo, kwa sababu mkurugenzi huelewa dakika na fedha kuliko majina ya zana.

Nani alilipa

Bei ya hisa za Knight ilianguka kwa zaidi ya asilimia 70 katika siku mbili. Siku chache baadaye kundi la wawekezaji liliingiza Dola milioni 400, likapewa haki ya kugeuza fedha hizo kuwa hisa kwa Dola 1.50 kila moja. Wenye hisa wa awali wakabaki na sehemu ndogo ya kampuni. SEC ikatoza faini ya Dola milioni 12. Mwaka 2013 Knight iliunganishwa na Getco, na mwaka 2017 kampuni iliyotokana na muungano huo ilinunuliwa na Virtu.

Kwa mwenye hisa, maswali ya kupeleka kwenye mkutano mkuu ni manne. Je, mabadiliko ya programu hukaguliwa na mtu wa pili? Nakala za akiba zilijaribiwa mara ya mwisho lini? Nani yuko zamu usiku? Na mitambo ikienda kombo, nani ana mamlaka ya kuizima bila kusubiri ruhusa? Kampuni yenye majibu itayatoa kwa dakika tano. Isiyo nayo, mwekezaji azingatie hilo katika bei anayokubali kulipa.